Mali ya Mjerumani na Ukimya wa Udongo wa Kilimanjaro

Katika nchi ya Uchagga, kuanzia tambarare za Kahe hadi vihamba vya Old Moshi, na kadhalika katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, ipo hadithi moja isiyozeeka. Husemwa kwamba Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 mbele ya majeshi ya Jenerali Smuts, walifukia mali zao ardhini: makasha ya dhahabu, mitungi ya rupia, bunduki na nyaraka. Husemwa pia kwamba waliacha alama juu ya mawe na miti ili siku moja wao au watoto wao warudi kuzichukua. Hadithi hiyo imezaa ramani za kughushi, imewatajirisha matapeli wauzao rupia zinazodaiwa kuwa na nguvu za ajabu, na imeacha mashimo yasiyo na idadi kando ya makanisa ya kale, maboma na njia za reli.

Zamani mtafutaji wa mali hiyo alikwenda na jembe, sururu na mganga. Siku hizi huenda pia na chombo cha kutambulia metali, ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu hukiita ditekta. Ujio wa chombo hicho umeleta swali ambalo halikuwa na uzito mkubwa enzi za jembe peke yake: ni historia ipi ya mlima huu inayoweza kusikika masikioni mwa mashine, na ni ipi inayovunjwa ili hiyo isikike?

Ili swali hilo lijibike, yafaa kwanza ijulikane sarafu zenyewe zilifikaje mlimani. Kabla ya utawala wa Kijerumani Wachagga hawakuwa na sarafu yao. Biashara ya misafara iliyopanda kutoka Pangani, Tanga na Mombasa iliendeshwa kwa shanga, vitambaa na waya za shaba, na kilichotoka mlimani kilikuwa pembe za ndovu, vyakula vya msafara na, katika kurasa za giza, watumwa. Chuma kilitoka kwa jirani zao Wapare, hasa Ugweno, ambako mawe ya chuma yaliyeyushwa; wahunzi wa Kichagga wakakifua kuwa mikuki, majembe na kengele. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliijua thamani ya njia hizo za biashara, na kwa muda mrefu alijenga uwezo wake kwa kupokea misafara na kushindana na Mangi Sina wa Kibosho.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake. Ilitoa pesa ya shaba, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili pamoja na mwaka wa Hijria, kwa kuwa watu wa pwani waliotarajiwa kuipokea walisoma herufi hizo. Ilitoa pia rupia ya fedha, ambayo upande mmoja ilibeba sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma, na upande wa pili simba na mnazi. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64, hesabu iliyorithiwa kutoka Bara Hindi kupitia soko la Zanzibar. Kwa hiyo hata katika sarafu ya mkoloni, visiwa na pwani vilikuwa vimetangulia kupiga chapa yao.

Sarafu hizo zilipanda mlima pamoja na bunduki. Februari 1891 Wissmann aliishambulia ngome ya Sina huko Kibosho. Mwaka huohuo Rindi alifariki, na mwanawe Meli akashika nafasi yake. Juni 1892 mashujaa wa Meli walikishinda kikosi cha von Bülow, na Bülow mwenyewe akafa. Agosti 1893 Gavana von Schele akaja na jeshi kubwa zaidi na kuivunja Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18 wa Kichagga na wa Kimeru. Katikati ya matukio hayo, mwaka 1898, ilianza kutozwa kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba ya shamba. Mwanzoni kodi iliweza kulipwa kwa mazao, lakini kadiri miaka ilivyopita serikali ilidai fedha taslimu. Mtu aliyekuwa hana haja ya rupia jana, leo alilazimika kuitafuta katika shamba la mzungu au katika ujenzi wa barabara. Rupia iliyoanguka mgombani mwaka 1905 si mali iliyosahauliwa na Mjerumani. Yaelekea zaidi kuwa jasho la Mchagga lililomponyoka mkononi kabla halijafika bomani.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliichukua kazi ya fedha kutoka kwa Kampuni, ikaivunja hesabu ya pesa 64 na kuigawa rupia katika heller 100. Zikaja heller za shaba nyeusi zenye taji, na baadaye heller 5 na 10 za metali nyeupe zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga katika uzi. Hizi ndizo zilizoenea hadi kwa muuza ndizi sokoni, na hizi ndizo ambazo hadi leo hujitokeza baada ya mvua au wakati wa kuzibua mifongo, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji ya mlima hadi vihambani. Jina lake halikufa. Heller ikawa hela, na mamilioni ya watu wasiojua neno moja la Kijerumani huitaja kila siku. Ikiwa Mjerumani aliacha akiba katika Afrika Mashariki, sehemu yake kubwa haimo ardhini, imo midomoni.

Vipi basi kuhusu makasha ya dhahabu? Hapa historia ina hesabu yake. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza ziliifungia pwani ya koloni, na fedha mpya hazikuweza kuja kutoka Ulaya. Serikali ikachapa noti za muda kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916 huko Tabora, katika karakana ya reli, zikapigwa sarafu za dharura: heller 5 na 20 za shaba na shaba nyeupe, na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na nyuma yake mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo za tembo zilikuwa 16,000 na ushei, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 na kitu; zote pamoja hazikufikia kilo 120, nazo zilipigwa mamia ya kilomita kutoka Kilimanjaro. Moshi yenyewe ilikwisha kuanguka katikati ya Machi mwaka huohuo. Serikali iliyofikia hatua ya kuchapa noti kwa karatasi hafifu na kupiga hela katika karakana ya magarimoshi haikuwa serikali yenye mitungi ya dhahabu ya kufukia chini ya kila mwembe.

Kilichobaki ardhini karibu na Moshi ni kingine. Kati ya Februari na Machi 1916 yalipiganwa mapigano ya Salaita, ya Latema na Reata karibu na Taveta, kisha ya Kahe tarehe 21 Machi. Huko Kahe Wajerumani walikuwa na mzinga mmoja ulioopolewa kutoka manowari Königsberg, nao wakauvunja wenyewe walipoondoka. Maganda ya risasi, vipande vya makombora, vifungo vya sare, kwato za chuma za farasi na nyumbu: hivi ndivyo mashine inavyoviimbia katika tambarare hizo. Pamoja navyo wamelala askari na wapagazi, Waafrika, Wahindi na Wazungu. Makaburi ya wanajeshi wengi yana mawe na majina; ya wapagazi, waliobeba vita vyote vile vichwani, kwa sehemu kubwa hayana kitu. Aidha si kila kombora la 1916 limekufa. Chuma kilicholala kwa zaidi ya miaka 100 chaweza kulipuka kwa pigo moja la sururu.

Chombo chenyewe kina ukoo wa kuelezwa. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitengeneza mashine ya kutafutia risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa na muuaji. Haikufaulu, na moja ya sababu zinazotajwa ni chemchemi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ofisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni chombo chepesi cha kutafutia mabomu ya ardhini, kilichotumika El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita vyombo vya namna hiyo vilimwagwa sokoni, na raia wakaanza kutafutia sarafu. Kanuni yake ni moja: mkondo wa umeme katika mviringo wa waya huzaa uga wa sumaku, uga huo ukikuta metali huamsha ndani yake mikondo midogo, nayo mashine huisikia na kulia. Sarafu moja kwa kawaida husikika katika kina cha sentimeta 20 au 30 tu. Katika mlima wa volkano, ambao udongo wake wenyewe umejaa madini ya chuma, mashine hulia hata pasipo na kitu. Hulia kwa kizibo cha soda na kwa msumari wa bati kama inavyolia kwa rupia. Debe tupu, walisema wahenga, haliachi kuvuma.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi si kelele zake. Ni uziwi wake. Mashine haisikii udongo uliochomwa, wala jiwe, wala mfupa, wala shanga ya kioo, wala mkaa wa jiko. Na historia ndefu ya Kilimanjaro imeandikwa kwa vitu hivyo hasa. Katika miteremko ya mlima yalipatikana mabakuli ya mawe ya watu waliotangulia enzi za chuma. Mwaka 1971 Knut Odner alichapisha ripoti ya awali ya uchunguzi wake wa mambo ya kale mlimani, na miongoni mwa vilivyotajwa ni vigae vya vyungu vya mtindo wa Kwale, unaohusishwa na wakulima wa karne za mwanzo za Miladi na unaounganisha mlima huu na pwani. Kigae kama hicho, chenye umri mara 15 ya rupia ya Kaisari, hutupwa kando na mchimbaji pamoja na kifusi. Hata chuma chenyewe hakipati haki yake. Watafutaji wengi huiwekea mashine kipimo cha kukataa chuma ili wasisumbuliwe na misumari. Kwa hiyo jembe lililoyeyushwa Ugweno na kufuliwa mlimani, ushahidi wa ufundi wa Waafrika wenyewe, hunyamazishwa ili shaba ya Mjerumani isikike.

Tena kihamba si uwanja mtupu. Ni nyumba, shamba na makaburi kwa pamoja. Desturi ya kale ilikuwa mwenye nyumba azikwe ndani ya nyumba yake, na baada ya muda fuvu lake lifukuliwe kwa heshima na kuhifadhiwa mgombani, mahali palipopandwa masale. Jani la masale kwa Mchagga ni mpaka, ni ombi la msamaha na ni alama ya waliolala. Mapango marefu yaliyochimbwa chini ya vihamba ili kuficha watu na mifugo wakati wa vita nayo yamo humohumo. Anayefuata mlio wa mashine usiku katika kihamba cha watu hawezi kujua kama alichokigonga ni bangili iliyoanguka njiani au ni bangili iliyo mkononi mwa mwenyewe.

Kwa wasomaji wa visiwani, mfano wa kinyume uko karibu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, Mark Horton na wenzake waliokuwa wakichimba kwa utaratibu wa elimu ya mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, karibu zote vijisarafu vyembamba vya fedha vyenye majina ya watawala wa hapahapa, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimi. Kwa uzito wa fedha, hazina hiyo si kitu cha kumtajirisha mtu. Lakini kwa kuwa zilipatikana pamoja, katika tabaka moja la udongo lililopimwa na kuchorwa, dinari zenye tarehe zilishuhudia kwa niaba ya vijisarafu visivyo na tarehe. Ikadhihirika kwamba watu wa pwani walikuwa wakipiga sarafu zao za fedha katika karne ya 11, na wanahistoria wakalazimika kuzirudisha nyuma tarehe za watawala waliokuwa wamewekwa mbele mno. Laiti hazina ile ingechopolewa usiku na kugawanywa kwa mafungu, kila kijisarafu kingeuzwa kwa thamani ya chakula cha mchana, na karne nzima ya historia ya Waswahili ingepotea ndani ya mfuko wa mlanguzi.

Hata mtu mwenye mashine aweza kutenda wema huo. Novemba 1992 huko Hoxne, Uingereza, mtu aliyekuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani alisikia mlio mkubwa, akaona fedha na dhahabu za Kirumi, akaacha kuchimba na kuita wataalamu. Zilikuwa sarafu karibu 15,000, na kwa kuwa hazikuvurugwa ilijulikana hata zilivyokuwa zimepangwa katika kasha lililokwisha kuoza. Nchi hiyo ina sheria ya hazina ya mwaka 1996 inayompa mvumbuzi tuzo, na hivyo ukweli una faida kuliko wizi.

Tanzania nayo ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo hukataza kufukua bila leseni, na huhesabu kuwa kale kitu chochote kihamishikacho kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo una maana yake kwa vyungu vya Kwale na kwa vijisarafu vya Mtambwe. Lakini pesa ya kwanza ya Kampuni ya Kijerumani ilipigwa miaka 27 baadaye, na vita vya Kahe vilipiganwa baada ya miaka 53. Kwa kipimo cha umri peke yake, kitu kinachotafutwa na watu wengi zaidi ndicho kinacholindwa kidogo zaidi, na katika kukitafuta huharibiwa vile vinavyolindwa, kwani rupia imelala juu na kigae kimelala chini yake.

Labda hadithi ya mali ya Mjerumani haikupaswa kuchekwa. Watu wanaoisimulia wanakumbuka jambo la kweli, ingawa wamegeuza mwelekeo wake. Wanajua kwamba palikuwa na kitu cha thamani na kwamba Mjerumani alikiweka mahali wasipopajua. Kosa ni kukitafuta chini ya miguu. Baada ya kunyongwa kwa Meli, inaaminika na ukoo wake kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake alitumia miaka mingi ya maisha yake akikidai. Mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalifungwa masandukuni na kusafirishwa hadi Berlin katika miaka ile, yakawekwa juu ya rafu kwa ajili ya vipimo vya elimu ya rangi ambayo leo imekataliwa. Taasisi ya urithi wa tamaduni ya Prussia iliyachunguza zaidi ya 1,100, na mengi yao yalitoka katika ardhi ambayo leo ni Rwanda, mengine katika ile ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kati ya mafuvu 8 yaliyopimwa vinasaba, 3 yamepata jamaa zake walio hai. Mojawapo lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa limetambuliwa.

Kwa nini kazi hiyo ilichukua zaidi ya karne? Kwa sababu waliochukua hawakuandika vya kutosha. Palipobaki kikaratasi au neno moja kwenye mfupa, likitaja mahali au cheo, utafiti ulikuwa na pa kuanzia. Pasipobaki kitu, mtu alibaki kuwa namba. Kung'oa kitu mahali pake bila kuacha habari yake ndiyo namna ileile ya kuchukua, iwe mchukuaji ni daktari wa jeshi la Kaisari au ni kijana wa Moshi mwenye deni na mashine ya kuazima. Kijana huyo ana dhiki ya kweli ambayo yule daktari hakuwa nayo, na haifai kumlaumu kwa kipimo kimoja. Lakini shimo analoliacha mgombani ni lilelile.

Rupia ya fedha iliyookotwa Old Moshi na kuuzwa mjini ni kipande cha fedha chenye sura ya Kaisari, na sura hiyo ipo katika makumbusho kote duniani. Rupia hiyohiyo, ikiachwa ilipo hadi aje wa kupima, ikutwe kando ya jembe la Upare, juu ya kigae, mita chache kutoka kwenye masale, humtaja aliyeipoteza: alilima nini, alilipa kodi mwaka gani, na nyumba yake ilisimama wapi. Mwenye kihamba akiulizwa, huenda ataweza kulitaja hata jina.